Bahrain Si Nchi ya Kutembelewa kwa Siku Moja

Mara ya kwanza nilipokwenda Bahrain nilikaa saa zisizofika thelathini, tena mwezi wa Agosti. Nilikuwa nimemtembelea shangazi yangu anayeishi Muscat, nikaona kwamba kwa kuwa safari ya ndege ni fupi na nchi yenyewe ni ndogo, siku moja ingenitosha. Kampuni moja ya utalii iliniuzia matembezi ya kutwa yenye vituo sita. Ilipofika adhuhuri joto lilikuwa limepita nyuzi 40, unyevu wa bahari ukazifanya nguo zigande mwilini, na mama mmoja mtu mzima tuliyekuwa naye garini akashindwa kushuka katika vituo vitatu vya mwisho. Niliondoka na picha nyingi na maarifa machache, na jambo hilo lilinisikitisha sana. Miaka michache baadaye nilirudi mwezi wa Januari, nikakaa siku tano. Ushauri ninaoutoa hapa umetokana na tofauti ya safari hizo mbili.

Kinachowadanganya wengi ni udogo wa nchi. Visiwa vyote vya Bahrain vikijumlishwa vina takriban kilomita za mraba 780, yaani karibu nusu ya Unguja, na kwa hiyo msafiri hudhani kwamba ataimaliza kati ya kifungua kinywa na chakula cha jioni. Ukweli ni kwamba watu wameishi na kujenga mahali hapo kwa zaidi ya miaka 4,000, mara nyingi juu ya majengo ya wale waliowatangulia, na mambo ya namna hiyo hayaonekani kupitia dirisha la gari. Panga siku nne kamili, na kama una nafasi ongeza ya tano.

Jambo la kwanza la kuamua ni mwezi. Kuanzia Novemba hadi Machi hali ya hewa inamruhusu mtu kutembea kwa miguu mchana, ingawa usiku wa Januari una ubaridi unaomtaka mtu wa pwani yetu avae sweta. Jambo la pili, ambalo sikulijua, ni siku za wiki. Mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, na tangu mwaka 1986 Bahrain imeunganishwa na Saudi Arabia kwa daraja la Mfalme Fahd lenye urefu wa kilomita 25, hivyo kuanzia Alhamisi jioni wageni humiminika kwa magari na bei za hoteli hupanda. Mimi nilifika Jumapili na kuondoka Ijumaa, na utaratibu huo ulinipunguzia gharama bila kunikosesha chochote. Vilevile angalia tarehe za mashindano ya magari ya Formula 1, yanayofanyika Sakhir tangu mwaka 2004, kwa kuwa wakati huo vyumba ni vigumu kupatikana. Ukisafiri katika mwezi wa Ramadhani, ujue kwamba kula na kunywa hadharani mchana hakuruhusiwi, hata kwa asiyefunga.

Kuhusu viza, usitegemee maelezo ya aliyekwenda mwaka jana. Masharti hutofautiana kulingana na pasipoti, kwa hiyo ingia katika tovuti ya serikali ya Bahrain, omba viza huko, na ununue tiketi baada ya kupata jibu. Kuhusu fedha, dinari moja ni sawa na takriban dola 2.65 za Marekani, nayo hugawanywa katika filsi 1,000, jambo linalofanya bei ziandikwe kwa tarakimu tatu baada ya nukta. Anayeona 1.500 kwenye karatasi ya bei asidhani ni elfu moja na mia tano. Ni dinari moja na nusu. Kuna mabasi mazuri mjini, lakini ukitaka kufika jangwani kusini utahitaji gari. Kwa Mkenya au Mtanzania anayetaka kuendesha mwenyewe, nasisitiza kwamba magari hupita upande wa kulia wa barabara. Kama hujawahi kuendesha hivyo, kodi gari lenye dereva.

Siku ya kwanza nenda kwenye Makumbusho ya Taifa mjini Manama, kisha alasiri uende Qal'at al-Bahrain, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2005. Ngome hiyo ya Wareno imesimama juu ya kilima ambacho si cha asili. Kimejengeka kidogo kidogo kutokana na makazi ya watu tangu takriban mwaka 2300 kabla ya Kristo, enzi za ustaarabu wa Dilmun. Atokaye Mombasa hataweza kuitazama bila kuikumbuka Fort Jesus, maana waliojenga ni Wareno hao hao na karne ni hiyo hiyo ya 16. Kaa pale hadi jua litue. Uliza mapema siku ambazo makumbusho hufungwa, kwani kila moja ina siku yake, na mimi nililazimika kurudi ngomeni mara ya pili kwa kukuta mlango wa makumbusho yake umefungwa.

Siku mbili zilizofuata nilizitoa kwa mji wa kale wa Muharraq, na kama ningelazimika kuchagua sehemu moja tu ya nchi hiyo, ningechagua hapo. Kuna njia ya miguu ya kilomita 3.5 inayoanzia karibu na ngome ya Bu Mahir na kupita katikati ya mitaa ya zamani, ikiunganisha nyumba za wafanyabiashara, wapiga mbizi na manahodha wa lulu. Urithi huo, wenye majengo 17 pamoja na sehemu tatu za chaza baharini, ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2012. Humo utaelewa jinsi mpiga mbizi alivyokopeshwa na nahodha kabla ya msimu, na jinsi deni hilo lilivyoweza kumfunga kwa miaka mingi. Utaelewa pia jinsi lulu za kufugwa za Japani, yaani zinazokuzwa na watu ndani ya chaza, na mdororo wa uchumi wa dunia vilivyoiangusha biashara hiyo katika miaka ya 1930, wakati ule ule mafuta yalipogunduliwa Jebel Dukhan mwaka 1932. Tafadhali usiipite njia hiyo kwa haraka. Ingia katika nyumba ya Sheikh Isa bin Ali, aliyekuwa mtawala wa Bahrain, simama chini ya mnara wa upepo unaoshusha hewa ndani ya nyumba, kisha inua macho uangalie dari. Boriti za mikoko zilizotumika katika nyumba za kale za Ghuba zilisafirishwa kwa majahazi kutoka Lamu na Rufiji, na upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti, kama ilivyo katika nyumba zetu za mawe. Nilisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote katika safari ile.

Siku ya nne inatosha kwa vilima vya makaburi ya Dilmun huko A'ali, vilivyosimama katikati ya nyumba za watu, na kwa Mti wa Uzima ulio peke yake jangwani, ambao ni wa jamii moja na mti wa mathenge unaoota Baringo, Kenya. Msikiti mkuu wa Al Fateh huwapokea wageni wasio Waislamu nje ya nyakati za sala, isipokuwa Ijumaa. Vaa nguo za heshima tangu unapotoka hotelini. Maduka makubwa ya kisasa unaweza kuyaacha.

Ukitaka kununua lulu, sheria ya Bahrain inapiga marufuku biashara ya lulu za kufugwa, lakini bado dai cheti na risiti. Uwanja wa ndege uko Muharraq kwenyewe, kwa hiyo jioni ya mwisho rudi sokoni huko ununue halua ya zafarani ikiwa bado ya moto, umwombe muuzaji aifunge vizuri kwa safari, na uiweke katika mzigo unaoingia tumboni mwa ndege.