Jibu: Wananchi washirikishwe lini kwenye utafiti wa maji ya ardhini?

Umeuliza kama mkutano na wananchi usubiri ripoti ikamilike, ili wasichanganywe na takwimu ambazo hazijaiva. Mimi nasema hapana. Mkija na ripoti iliyokwisha fungwa, mtakuwa mmewaita kupiga makofi tu, na watalijua hilo kabla kikao hakijafunguliwa.

Anzeni nao kabla ya kupima chochote. Wenye visima wana kumbukumbu ambayo hamtaipata kwenye ramani: kisima kipi hukauka kiangazi, kipi maji yake yalianza kuwa na chumvi, pampu imeshushwa mara ngapi kuyafuata maji. Tena visima hivyo mtavihitaji. Jaribio la kusukuma maji, yaani kuyavuta kisimani kwa pampu bila kusimama ili kuona yanashuka kiasi gani, linaweza kwenda saa 24 hadi 72 mfululizo huku mkipima kina cha maji kwenye visima vya jirani. Asiye na habari, akiona kamba ya ndoo yake haifiki maji, atasema mmemwibia. Naye akiwasha pampu yake katikati ya jaribio, vipimo vyenu vimeharibika.

Grafu ziacheni ofisini. Shusheni kipimo kisimani mbele yao, wasome mita wenyewe, mrudie baada ya mvua.

Wakulima wakubwa wa umwagiliaji na wenye viwanda kaeni nao kikao chao kwanza. Wakiwekwa mapema kikao kimoja na wenye visima vidogo, hao wadogo hunyamaza. Na semeni tangu siku ya kwanza maoni ya wananchi yanaweza kubadilisha nini, na nini kimekwisha amuliwa.