Barua kwa mwanangu: usinitajie alama

Mama,

Waalaikum salaam. Ujumbe wako wa Jumanne usiku niliusoma alfajiri, nikausoma tena kibarazani baada ya chai. Kuhusu huo mtihani wa kuingia vyuo vya sheria Marekani, waniuliza: "Baba, miezi mitano nasomea LSAT, alama ni 152, 151, 153, halafu 151 tena. Wenzangu wanapanda. Au sheria si yangu?" Sikutaka kukujibu kwa kidole kimoja kwenye simu. Na methali sikuandikii. Haraka haraka haina baraka haimfai mtu aliyepewa dakika 35 kwa maswali ishirini na kitu.

Kwanza hizo namba. Mtihani wenu huenda kutoka 120 mpaka 180, na LSAC, wale wanaoutunga, wakikupa alama huiwekea pembeni nafasi ya pointi kama tatu juu na tatu chini, kwa kuwa wanajua hawawezi kumpima mtu kwa pointi moja. Basi 151 na 153 ni wewe yuleyule, siku moja umelala, siku nyingine umeshinda kwenye foleni ya Nairobi.

Lakini miezi mitano palepale ina sababu, na nadhani niliiona. Ulipokuja Idi ulinipa simu nikushikie saa. Muda ulipokwisha ukasahihisha, ukatazama alama, ukafunga laptopu, ukaenda kumenya viazi vya biriani na mamako. Makosa kumi na moja ukayafungia mle ndani. Kesho yake ukafungua karatasi mpya.

Mwaka 2005 forodha walipoleta mfumo wa kompyuta wa Simba, mimi nilikuwa karani wa klaringi mwenye miaka mingi ya karatasi na kalamu. Kompyuta ilinishinda. Entri zangu zilirudishwa mpaka bosi akaniambia, mbele ya vijana, kwamba mikono yangu ni ya kupakia magunia. Nilirudi nyumbani sikula. Nilichofanya baadaye hakikuwa ushujaa, ilikuwa hasira: nilinunua daftari la mraba, kila entri ikirudi naandika imerudi kwa nini. Mwezi haukuisha nikaona kichekesho. Nilidhani sijui kazi. Kumbe nyingi zilirudi kwa jambo moja, nanakili uzito wa mzigo pamoja na vifungashio mahali panapotakiwa uzito wa mzigo wenyewe. Sikuhitaji kusoma forodha upya. Nilihitaji kutazama safu moja mara mbili.

Na wewe, kosa lako linalojirudia kama ule uzito wangu nalijua, kwa sababu siku ile ulisema "hili tena!" mara mbili. Nilikuomba unieleze, nami nikaliweka kwa lugha ya kwetu: Feri ikiharibika, watu hujaa kivukoni Likoni. Leo watu wamejaa Likoni. Kwa hiyo feri imeharibika. Mtoto wa Mtongwe angekucheka. Kwani kama ni Idi pili na watu wanaenda ufuoni Shelly kuogelea? Nawe ulicheka pia. Lakini kwenye karatasi hoja hiyohiyo ilikuwa imevaa koti, mara wanasayansi, mara kampuni ya madini, ukaipita bila kuitambua. Na tangu walipoondoa ile michezo ya mantiki, yale mafumbo ya kupanga watu na vitu, Agosti 2024, sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa ni za hoja kama hizi. Kosa hilo moja lakula huku na huku.

Kwa hiyo wiki tatu zijazo usifanye mtihani mzima hata mmoja. Chukua sehemu moja, bila saa. Kila swali ulilokosa, andika kwa maneno yako, hata kwa Kiswahili: nilidhani nini, na ni neno gani lililonihadaa. Ulilopata kwa kubahatisha nalo liandike, hilo ni deni. Saa utairudisha baadaye. Na siku yenyewe dakika ya mwisho usiache swali wazi, jibu baya halikukati kitu.

Kuhusu wenzako, mtu hutangaza zilizopanda.

Na "sheria si yangu"? Mama, mle ndani hamna kifungu hata kimoja cha sheria. Wanapima usomaji na hoja. Ukichoka na safari ya Marekani, LLB, shahada ya sheria, ipo hapa nchini, miaka minne, na LSAT hawaiulizi. Mimi sitaona aibu wala mamako. Ila uamuzi huo ufanye mchana, umeshiba, siyo saa sita usiku na 151 iko mbele ya macho.

Ijumaa baada ya Isha nitakupigia. Unisomee makosa matano na maelezo yake. Alama usinitajie.

Daftari langu la 2005 nimelipata kwenye kasha la bibi yako, nimekutumia na basi la usiku pamoja na achari ya maembe. Linanuka mafuta ya taa kidogo. Ukurasa wa nne upite tu, pale namtukana bosi. Kurasa za nyuma ziko wazi, karibu nusu ya daftari.

Babako