Zawadi ya kengele ya kamera: kagua geti kabla ya boksi

Hapa Dodoma nyumba mpya zinazidi kuota Ilazo, Iyumbu na Nzuguni, hadi njia ya kuelekea Mtumba, na kila anayehamia anaanza na ukuta na geti la chuma. Baada ya hapo hodi haisikiki tena sebuleni. Nadhani ndiyo sababu maswali mengi ya wasomaji safari hii yanahusu kengele ya kamera, ile inayofungwa nje na mgeni akiibonyeza simu yako inalia, unamwona na kuzungumza naye hata ukiwa kazini. Karibu wote wanaouliza wanataka kumnunulia mtu mwingine. Nimechagua machache na kuyafupisha.

Mdogo wangu anahamia nyumba yake Iyumbu mwezi ujao. Sisi ndugu tumechanga tumnunulie kengele ya kamera, lakini dukani tumeonyeshwa aina nyingi mpaka kichwa kinauma. Tuanzie wapi? (Dada mkubwa, Area D)

Dada, anzieni getini kwake. Dukani mtarudi baadaye.

Vifaa hivi vilibuniwa kwa nyumba za Marekani, ambako mlango wa mbele unatazama barabara na ruta, kile kisanduku kinachotoa waifai, iko nyuma ya ukuta huohuo. Ring, kampuni iliyozipa umaarufu na ambayo Amazon iliinunua mwaka 2018, hadi leo inatangaza bidhaa zake kwa habari za wezi wa vifurushi vilivyoachwa kizingitini. Sisi hatuachiwi vifurushi kizingitini. Bodaboda akileta mtungi wa gesi anabisha getini, na geti hilo linaweza kuwa mita 15 au 20 kutoka ilipo ruta, katikati kukiwa na ukuta wa tofali, gari na bamba la chuma. Waifai haipendi chuma.

Kwa hiyo nendeni kwa mdogo wenu kwa kisingizio chochote. Mmoja atoke nje, afunge geti, azime data ya simu abaki na waifai ya nyumba, kisha apige simu ya video ya WhatsApp akiwa amesimama pale kengele itakapokaa. Picha ikiganda na sauti ikikatika, kengele nayo itafanya hivyohivyo, hata mngenunua ya bei kubwa kuliko zote dukani. Hapo sehemu ya mchango iende kwenye kifaa cha kuongeza nguvu ya waifai au kusogeza ruta karibu na dirisha la mbele.

Nyingi ya kengele hizi hutumia waifai ya gigahezi 2.4, na hilo ni jambo jema kwetu kwa sababu inapenya kuta vizuri zaidi kuliko ile ya 5. Ila kuna ruta zinazounganisha zote mbili chini ya jina moja, na kengele inagoma kujiunga. Mwambieni fundi azitenganishe majina. Halafu kengele ifungwe kwenye nguzo ya geti, si kwenye geti lenyewe. Bamba la geti hutikisika kila linapofungwa, na saa nane mchana huwezi kuligusa kwa joto. Urefu wa mita 1.2 hivi kutoka chini unatosha kuonyesha sura ya mtu mzima na ya mtoto aliyetumwa.

Fundi, shikamoo. Nasikia hizi kengele zinakula bando. Baba anatumia ruta ya laini ya simu na kifurushi cha mwezi. Nisije nikampa zawadi ya madeni. (Kijana, Kisasa)

Marahaba mwanangu. Tupige hesabu. Video ya ubora wa 1080p husafiri kwa takribani megabiti 2 kwa sekunde, sawa na megabaiti 15 kwa dakika. Kengele ikiamka mara 20 kwa siku, nusu dakika kila mara, ni megabaiti 150 kwa siku, au gigabaiti 4.5 kwa mwezi. Hiyo inabebeka. Lakini aina inayorekodi mfululizo na kupeleka kila kitu kwenye seva za kampuni, kwa kasi hiyohiyo, itamaliza zaidi ya gigabaiti 21 kwa siku moja. Kwa ruta ya laini ya simu hiyo usiiguse.

Mtafutie baba yenye memori kadi, iwe ndani ya kengele au kwenye kifaa chake cha ndani kinachokaa sebuleni. Kurekodi kwenye kadi hakuli bando. Linaliwa pale tu mtu anapotazama akiwa mbali au kengele inapotuma arifa.

Deni lenyewe huwa liko kwenye malipo ya mwezi, na muuzaji hakutajii. Ukiwa na Ring bila kulipia, kwa mfano, unamwona mgeni papo hapo na arifa zinakuja, ila video haihifadhiwi. Ukitaka kutazama ya jana usiku, uwe umeshalipia. Malipo hukatwa kwenye kadi ya benki kila mwezi, na baba aliyezoea kununua hata umeme wa LUKU kwa simu atalazimika kutengenezewa kadi ya mtandaoni na kukumbuka kuiwekea salio. Maoni yangu: ukimpa mtu kifaa chenye ada, ada ya mwaka wa kwanza ni juu yako. Kama huwezi, nunua cha kadi.

Shemeji yangu yuko Texas, anakuja Desemba na ameshanunua kengele ya waya kumletea mama. Fundi umeme wetu anasema ataiunganisha kwenye waya wa taa ya geti. Ni sawa? (Miyuji)

Hapana, na mzuie kabla hajagusa.

Nyumba nyingi za Marekani tayari zina transfoma ya kengele inayotoa volti 16 hadi 24, na kengele ya waya imetengenezwa kwa umeme huo mdogo. Waya wa taa yako ya geti una volti 230. Kengele itaungua, na aliyeibonyeza anaweza kupigwa shoti. Kama haiwezi kurudishwa dukani huko, tafuteni transfoma ya kushusha kutoka 230 hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha kengele, na mtazame pia kiwango cha VA, yaani nguvu ambayo transfoma inaweza kutoa, kwa sababu transfoma dhaifu huifanya kengele izimike usiku taa zake zinapowaka. Ila ningemwomba shemeji abadilishe achukue ya betri.

Asome pia kibandiko cha kengele ya ndani, ile ya kuchomeka kwenye soketi. Kikisema 100–240V, mtahitaji adapta ya plagi tu. Kikisema 120V peke yake, msiichomeke. Na kabla hajafunga sanduku afungue programu ya kengele kwenye simu aone kama Tanzania imo kwenye orodha ya nchi. Dhamana ya dukani isahauni, Texas ni mbali.

Mama mkwe anaishi peke yake Kikuyu na mume wangu husafiri sana kikazi. Nataka kumnunulia ili niwe naona nani anaingia kwake. Sitaki anielewe vibaya. (Mkwe, Nkuhungu)

Mama, umeandika "ili niwe naona". Hapo ndipo atakapokuelewa vibaya, na atakuwa na haki.

Anayesajili kengele kwa simu yake ndiye mwenye kengele. Anaona kila aliyekuja, anasikia yaliyosemwa mbele ya geti, anaweza kufuta video au kumnyima mwingine ruhusa. Ukiisajili wewe, umeweka jicho lako getini kwa mama mkwe na kuliita zawadi. Siku majirani zake wakikaa pale nje kupiga soga na wewe ukataja jambo walilolisema, usitegemee kualikwa tena.

Mwache mwanawe aanzishe mazungumzo. Mama akikubali, isajiliwe kwa simu yake na nywila anayoijua yeye, kisha akitaka awaongeze ninyi kama watumiaji walioalikwa. Akikataa kuwaongeza, basi.

Lakini nikuulize: simu yake ni ya aina gani? Kama ni ya vitufe, kengele ya simu haimfai. Kuna intakomu yenye skrini, ya siku nyingi, waya wake unatoka getini hadi kwenye kioo kidogo sebuleni. Haitaki intaneti, bando wala akaunti. Anabonyeza, anamwona mgeni, anaongea naye, na ukiongeza kitasa cha umeme anamfungulia bila kutoka juani. Kwa mama wa umri wake ningechagua hiyo bila kusita, ingawa kwenye boksi haipendezi kama ile ya kisasa.

Iwe ipi, mfundisheni kwamba sauti inayotoka ukutani nayo husalimia. Mzee wa Kigogo amekuja na salamu yake ya "mbukwenyi", halafu nguzo inamjibu "Unamtaka nani?" Nimeona mtu akigeuza baiskeli yake na kuondoka.

Vumbi la Dodoma la kiangazi linaingia mpaka kwenye friji. Kifaa hiki kitamaliza mwaka? (Chang'ombe)

Tazama namba inayoanza na herufi IP kwenye boksi. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. Kwa hapa nataka ya kwanza iwe 6, yaani vumbi haliingii kabisa. 5 inaruhusu kidogo. IP65 inafaa kwa kiangazi na kwa mvua zetu za Desemba hadi Aprili. Isiyo na namba yoyote iache dukani, hasa zile za bei ya kutupa ambazo nyingine hata video hazina, hupiga picha mnato tu.

Lenzi ifutwe kwa kitambaa laini chenye unyevu. Ukiifuta kavu, ule mchanga utaikwaruza.

Jua nalo ni tatizo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Geti linalotazama magharibi litakuonyesha kivuli cheusi badala ya sura kuanzia saa kumi jioni, kwa hiyo weka kijipaa juu yake au igeuze pembe kidogo. Betri za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikiwa na joto zaidi ya nyuzi 45, basi itoe, iingize ndani ipoe, ndipo uchaji. Na kihisi cha mwendo cha kengele nyingi za betri hufanya kazi kwa kutofautisha joto la mwili na joto la nyuma yake. Mchana wa Oktoba, ukuta ukiwa na joto karibu sawa na la mtu, kinaweza kumkosa. Humkosa zaidi anayekuja moja kwa moja kuliko anayepita kwa upande.

Mbuzi, kwa upande wao, hakiwakosi. Kundi likipita asubuhi na kurudi jioni betri inaisha mapema na simu haitulii. Ingia kwenye mipangilio, punguza eneo la kuangaliwa libaki la mbele ya geti tu.

Wanaohofia wizi humwita fundi wa kuchomelea atengeneze kijumba cha nondo. Sawa, ila nondo zisipite mbele ya lenzi. Usiku mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho ambao kamera huutumia kuonea gizani, utazigonga na kurudi, na utabaki na picha nyeupe tupu.

Tuko wapangaji wanne, geti moja. Tunataka kuchanga tumpe mwenye nyumba zawadi ya kengele ya kamera, lakini mmoja wetu anasema hiyo itamvunjia yeye faragha. (Makulu)

Ana hoja. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na makazi yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inagusa picha na sauti za watu pia. Tume yake ipo na inapokea malalamiko. Lakini hata pasingekuwa na sheria, mnampa mwenye nyumba daftari la saa zenu za kurudi na wageni wenu. Mmeliwaza hilo? Nunueni kengele ya kawaida isiyotumia waya yenye vitufe vinne, kila chumba na mlio wake, na pesa itakayobaki mnywe soda.

Wadukuzi wanaweza kuniona kupitia kengele? (Bahi)

Inawezekana. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki Ring kwa kuacha wafanyakazi na wadukuzi wafikie video za wateja, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani mbali na nywila akaunti idai pia namba ya siri inayotumwa kwako, na usitumie nywila ileile ya Facebook. Ukipewa iliyotumika, mwenyewe wa zamani lazima kwanza aiondoe kwenye akaunti yake.

Nimeshanunua ya betri kwa ajili ya kaka yangu. Nimpe kwenye boksi au nimfungie kabisa? (Njedengwa)

Ifungue. Ichaji ijae, weka memori kadi, ijaribu kwako siku chache wakati risiti bado ina maana. Kisha ifute kwenye akaunti yako, la sivyo simu yake itakataa kuisajili, na uirudishe kwenye boksi. Ndani ya bahasha weka hela ya fundi wa kutoboa nguzo. Ukiwa na ziada, ongeza UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ya ruta yake, kwa sababu umeme ukikatika kengele itakuwa na betri lakini ruta itakuwa imezima, na simu ya kaka haitalia.

Ndani ya boksi mara nyingi kuna bisibisi ndogo yenye ncha ya nyota. Mwonyeshe kwa mkono na mwambie aitunze pamoja na funguo za gari, maana bila hiyo hataweza kuitoa kengele ukutani kuichaji.