Cheni Mpya Juu ya Sproketi Kuukuu

SWALI: Ndugu Fundi, mimi hupogoa na kukata miti katika nyumba za watu huko Lavington na Karen, na msumeno wangu wa injini nimeutumia kwa miaka mitatu. Mwezi uliopita nilinunua cheni mpya kwenye duka moja la vipuri katika Barabara ya Kirinyaga. Kabla ya wiki mbili kwisha, ilianza kurukaruka na kulegea kila baada ya magogo mawili matatu. Mwenye duka ashikilia kwamba cheni ni halisi. Nilipofungua kifuniko, niliona drami ya klachi, yaani kikombe cha chuma kinachoifunika klachi, imegeuka buluu, na meno ya sproketi, lile gurudumu linaloizungusha cheni, yamechimbika. Je, ninunue cheni nyingine? – Msomaji, Kangemi

JIBU: Usinunue cheni nyingine kwa sasa, ndugu yangu, kwa maana hiyo nayo itaharibika vivyo hivyo. Ninavyoyasoma maelezo yako, mwenye duka anasema kweli: kilichochakaa ni sproketi, na sproketi iliyochakaa huila cheni mpya.

Cheni inapotumika, ribiti zake, yaani vipini vinavyounganisha viungo, hulika, na nafasi kati ya kiungo na kiungo hurefuka kidogo kidogo. Sproketi nayo hulika ikifuata urefu huo, hata zikazoeana kama watu waliozeeka pamoja. Ukiivika sproketi hiyo cheni mpya, ambayo viungo vyake bado viko katika nafasi sahihi, meno ya chini ya cheni hayaingii yanapopaswa kuingia. Hupanda juu ya kingo za mashimo yaliyochimbika, kisha huanguka kwa kishindo. Huko ndiko kurukaruka unakokuona, na ndiko kunakovuta ribiti hadi cheni inalegea upesi.

Kipimo ambacho Stihl hutoa katika vitabu vya maelekezo ya misumeno yake ni hiki: sproketi ibadilishwe baada ya kumaliza cheni mbili, au mapema zaidi iwapo alama za kulika zimezidi kina cha milimita 0.5. Kina hicho ni kama thuluthi mbili za unene wa kadi ya benki, kwa hiyo macho makini na ncha ya ukucha hutosha kukitambua. Binafsi nawashauri wanaofanya kazi hii kila siku wanunue sproketi moja pamoja na cheni mbili au tatu, wazitumie cheni hizo kwa zamu, ili zote zichakae kwa mwendo mmoja.

Rangi ya buluu ni jambo jingine, na nakuomba usilipuuze. Chuma hugeuka buluu kikifikia joto la karibu nyuzi 300 za Selsiasi, na joto hilo katika drami hutokana na klachi kuteleza. Huenda ulivuta mafuta huku breki ya cheni ikiwa imefungwa, au uliukandamiza msumeno wenye cheni butu ndani ya mkaratusi mkavu hadi cheni ikasimama na injini ikaendelea kunguruma. Kumbuka pia kwamba ukanda wa breki hukumbatia drami hiyo kwa nje, kwa hiyo drami iliyokonda au yenye ufa huihatarisha ile breki inayokulinda wewe.

Ikiwa sproketi yako ni ya nyota, iliyounganishwa na drami, utabadilisha vyote viwili kwa pamoja. Ikiwa ni pete inayochomoka, pete peke yake inaweza kutosha, lakini kwa drami yenye hali uliyoieleza ningebadilisha zote. Hakikisha kipimo cha sproketi kinalingana na cha cheni: pima kutoka ribiti ya kwanza hadi ya tatu, ugawe kwa mbili. Ukipata takriban milimita 9.5, hiyo ni cheni ya inchi 3/8, ukipata 8.25, ni ya inchi 0.325.

SWALI: Nina yadi ndogo ya mbao Dagoretti. Kijana wangu ameshindwa kabisa kufungua klachi ya msumeno ili abadilishe drami, na jirani amemshauri aizuie pistoni kwa bisibisi. – Mama mwenye yadi

JIBU: Mama, tafadhali mkataze. Bisibisi inaweza kutoboa pistoni. Atoe plagi, aizungushe injini kwa mwelekeo wa saa hadi pistoni ipande na kulipita tundu la ekzosi, kisha aingize kamba laini ndani ya silinda ili pistoni ikwame juu yake. Klachi hizi zina nyuzi za kinyume, kwa hiyo hufunguka kwa kuzungushwa kulia. Katika misumeno mingi ya Stihl drami iko nje ya klachi na hushikiliwa na klipu tu, hivyo klachi haiguswi. Katika mingi ya Husqvarna klachi ndiyo iliyo nje. Kwa vyovyote vile, aachilie breki kwanza, la sivyo ukanda utaibana drami.

Wakati wa kurudisha, atie grisi kidogo kwenye beringi ya sindano, kwani ikizidi hurukia klachi na breki. Katika misumeno ambayo pampu ya oili huendeshwa na drami, aizungushe drami taratibu hadi mkono wa pampu uingie katika pengo lake. Kisha auwashe msumeno, ncha yake ikielekezwa juu ya gazeti bila kuligusa, na avute mafuta: mstari wa oili ukitokea kwenye karatasi, pampu imeshika.