Usiharakie Picha ya Kwanza Baada ya Mionzi ya Shingo

Nilipomaliza mionzi na dawa za kemo kwa saratani iliyoanzia kwenye mzizi wa ulimi na kufika hadi tezi za shingo, sikuwa na hamu nyingine ila kupigwa picha nijue kama ugonjwa umekwisha. Daktari alinieleza kwamba PET-CT, yaani kipimo cha picha kinachoonyesha mahali seli zinapofanya kazi kwa kasi mwilini, hufanywa takriban wiki 12 baada ya mionzi kukamilika. Sikustahimili, nilimsumbua hadi akaniandikia kipimo katika wiki ya 6, na tezi moja ya upande wa kushoto ikaonekana inang'aa.

Kipimo hiki hutumia sukari iliyotiwa chembe za mionzi, ambayo seli za saratani huifyonza kwa pupa, na inapokusanyika ndipo picha hung'aa. Kwa bahati mbaya, seli za kinga zinazokarabati tishu zilizochomwa na mionzi huifyonza vilevile, na picha haiwezi kuwatenganisha walaji hao wawili. Nilichomwa sindano shingoni ili seli zichukuliwe na kupimwa, nikakosa usingizi kwa siku tisa, kisha majibu yakaja kwamba hakuna saratani. Kipimo kiliporudiwa katika wiki ya 13, mng'ao ulikuwa umetoweka. Hofu ile yote niliinunua mwenyewe.

Wiki hizo 12 hazikuokotwa tu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016, wenye wagonjwa 564, ulilinganisha waliopangiwa kuondolewa tezi za shingo kwa upasuaji na waliofuatiliwa kwa PET-CT katika wiki ya 12. Muda wa kuishi haukutofautiana kwa maana, ilhali katika kundi la picha upasuaji wa shingo ulikuwa 54 tu, dhidi ya 221 katika kundi jingine. Picha safi iliyopigwa kwa wakati wake ni habari ya kuaminika sana. Picha inayong'aa huanzisha uchunguzi, na neno la mwisho hubaki kwa maabara.

Siku ya kipimo, fuata maelekezo ya kufunga kula, na kama una kisukari sema mapema, kwa sababu sukari ikiwa juu mwilini picha hufifia. Baada ya kuchomwa sindano ya ile sukari yenye mionzi, tulia, usizungumze wala kutafuna. Mimi nilidhani ni ukali wa wahudumu tu, kumbe misuli ya ulimi na ya zoloto (kiungo cha sauti kooni) ikifanya kazi nayo hung'aa, pale pale wanapotafuta ugonjwa. Mueleze pia mtaalamu kuhusu jino lililozibwa kwa madini, maana huharibu picha za kinywa, na umpelekee picha zako za awali ili alinganishe.

Baada ya picha safi, wengi wetu tunataka nyingine kila baada ya miezi michache. Nilipoliuliza hilo, nilijibiwa kwamba kwa mtu asiye na dalili, haijathibitishwa kuwa kurudia picha mara kwa mara kunarefusha maisha, na jibu hilo lilinikera kabla sijalielewa. Saratani hizi zikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2 au 3 ya mwanzo, na kidonda kidogo cha juu juu kwenye koo kinaweza kuikwepa picha lakini kikaonwa na daktari anayepapasa shingo na kupitisha kamera nyembamba puani. Kwa hiyo kliniki siikosi hata ninapojisikia mzima kabisa.

Katikati ya miadi najikagua mwenyewe: uvimbe mpya shingoni, sauti kukwaruza bila mafua, kidonda cha kinywani kisichopona, chakula kukwama, damu kwenye mate, na maumivu ya sikio la upande mmoja, ambayo watu huyapuuza kwa kuwa sikio lenyewe ni zima. Dalili ikidumu zaidi ya wiki 2 au 3, nampigia daktari bila kungoja tarehe ya miadi, na hapo ndipo ninapokuwa na sababu ya kweli ya kuomba picha.