Maswali ya Bustani: Mmea sugu wa ukingoni ni upi?

SWALI: Mhariri, nyumbani kwangu Mukono, Uganda, kuna tuta la maua linalofuata njia ya kuingilia, lenye urefu wa mita 12 hivi. Nusu yake hupigwa na jua mchana kutwa na nusu iko chini ya mwembe. Kila mwaka mimi hupanda maua ya msimu ukingoni, nayo hufa ifikapo Januari. Dada yangu aishiye Uingereza ameniletea mbegu za lavenda ambazo pakiti yake inasema ni mmea wa kudumu na sugu. Je, nizipande?
Msomaji, Mukono

JIBU: Ndugu msomaji, usugu unaotajwa kwenye pakiti hiyo ni wa kustahimili baridi ya theluji, na Mukono theluji haiko. Maadui wa ukingo wako ni jua la Desemba hadi Februari, na mvua ya Aprili inayoshuka kwa kishindo na kuusukumia udongo njiani. Kwa hiyo mmea sugu kwako ni ule wenye mizizi minene inayoweka akiba ya maji, na unaokua kwa kujikusanya penye shina lake bila kutambaa. Lavenda ilitoka nchi zilizo kandokando ya Bahari ya Mediterania, na katika udongo mzito unaotuamisha maji mizizi yake huoza. Ukiitaka kwa harufu yake, ipande chunguni.

Upande wa jua ningepanda agapanthasi, mmea wa Afrika Kusini wenye majani mapana kama ukanda, ambao maua yake ya buluu au meupe hukusanyika juu ya bua refu. Omba aina fupi, kwa maana zile ndefu zitaifunika njia, na uache nafasi ya sentimita 30 kati ya mche na mche. Tulbagia, mmea mwingine wa Afrika Kusini wenye majani membamba, nayo inafaa, ila majani yake yakiminywa hunuka kitunguu saumu, kwa hiyo nisingeiweka chini ya dirisha la chumba cha kulala.

Chini ya mwembe usinunue chochote. Klorofitamu, ule mmea wa majani membamba yenye mistari myeupe ambao wengi wetu huufuga katika makopo barazani, una asili humu humu Afrika na hupenda kivuli. Ung'oe mmoja utazame: mizizi yake ni minono na myeupe kama vidole vya mtoto, na hiyo ndiyo ghala yake ya maji. Mmea uliokomaa hutoa mabua marefu yanayoinama, na kwenye ncha huning'inia vitoto vilivyokwisha kuota vijizizi. Kila kitoto ni mche, na jirani mwenye makopo matatu hatakunyima. Usiupeleke tu upande wa jua kali, maana majani yataungua.

Jihadhari na wedelia, ile yenye maua ya manjano ambayo wauza miche huisifu kwa kuenea haraka. Mimi niliipanda, na kuing'oa kulinichukua miaka miwili, kwa kuwa kila kipande cha shina kinachobaki udongoni huchipua. Imo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani.

Panda mvua za Machi au Septemba zinapoanza. Upande wa jua chimba mfereji wa kina cha sentimita 20 na uchanganye samadi iliyooza. Chini ya mwembe chimba vishimo vidogo vidogo tu, usije ukakata mizizi mikubwa. Tandaza juu maganda ya kahawa yaliyokwisha kuoza. Baada ya miaka minne hivi, agapanthasi ikisongamana na maua kupungua, ing'oe kwa uma wa bustani, igawe kwa panga ili kila fungu libaki na mizizi na chipukizi, kisha uirudishe ardhini siku hiyo hiyo.