Kandida kwenye damu usiiite uchafu wa chupa

Hapa Lubumbashi, karatasi za labo zenye «levures ++», yaani chachu, vijidudu vya jamii ya kuvu, zimezagaa. Choo, mkojo, makohozi, kila mahali kuna levures. Mama anatoka Katuba na mtoto mgongoni, ameshaambiwa mtoto «ana kandida», mojawapo ya hizo levures, na flukonazoli, dawa ya kuvu, ameshainunua farmasi. Huwa namwambia: mama, kandida inakaa mdomoni na tumboni mwa watu wenye afya njema kabisa. Rudi kwa dokta amwangalie mtoto, asisome karatasi tu.

Kwenye damu hakuna mjadala wa namna hiyo. Ikiota hata kwenye chupa moja ya kuoteshea damu, mgonjwa atibiwe. Stajieri, mwanafunzi wa mazoezi, akiniambia labda ni uchafu wa ngozi, kwa baadhi ya stafilokoko, bakteria wakaao ngozini, namsikiliza. Kwa kandida, namtuma akamwite dokta mara moja.

Wa kuwaza mapema ni mgonjwa aliyelala rea (wodi ya wagonjwa mahututi) muda mrefu, mwenye katheta, yaani mrija, kwenye mshipa mkubwa, aliyepasuliwa tumbo, au mtoto njiti, halafu homa haishuki ingawa antibiotiki zimebadilishwa mara kadhaa. Hapo otesha damu. Nanyi wauguzi, nawaomba: mtu mzima anahitaji mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, na chupa zaidi ya moja. Mnatuletea damu ya kulowesha kizibo, kisha mnauliza kwa nini hakuna kilichoota! Hata ikichukuliwa vizuri, njia hii hukosa karibu nusu ya wagonjwa, kwa hiyo jibu la «hakuna kitu» lisimfunge dokta macho.

Wenzangu hulalamika kwamba hatuna kipimo cha beta-D-glukani, kinachotafuta kwenye damu kipande cha ganda la kuvu. Ni kweli kinasaidia, hasa kuondoa shaka. Lakini utafiti wa CandiSep wa Ujerumani, uliotoka 2022, ulionyesha kwamba kuanzisha dawa kwa kukifuata hakukupunguza vifo kwa wagonjwa wa sepsisi, maambukizi makali yanayoharibu viungo vya mwili. Kabla yake, 2016, utafiti wa EMPIRICUS wa Ufaransa uliwapa mikafungini, dawa ya kuvu, wagonjwa wa rea wenye sepsisi na kandida sehemu kadhaa za mwili bila uthibitisho wa damu. Siku ya 28 hawakuwa wamewazidi waliopewa dawa bandia kwa kubaki hai bila maambukizi ya kuvu. Ndiyo maana sina haraka ya kuwaonea wivu wenye mashine.

Tulichonacho tukitumie. Chukua kipande cha koloni (kundi la kandida lililoota), kitie kwenye seramu kidogo (majimaji ya damu iliyoganda, si ya dripu), kiache nyuzi 37 kwa saa 2 hadi 3, kisha weka chini ya darubini. Ukiona seli imetoa mrija mfupi usiobanwa shingoni, karibu kila mara ni Candida albicans, na hiyo kwa kawaida flukonazoli inaiweza. Mrija usipotoka, mwambie dokta asiitegemee flukonazoli: glabrata, krusei na auris, aina nyingine za kandida, ni wabishi. Auris ilielezwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009, na 2022 Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye kundi la hatari kubwa zaidi.

Dawa za kwanza kwa mtu mzima ni ekinokandini, kundi la dawa za kuvu kama kaspofungini. Zikikosekana, dokta atapima kati ya amfoterisini B, dawa nyingine ya kuvu, na flukonazoli. Katheta itolewe mapema ikiwezekana, na dokta wa macho achungulie ndani ya jicho, maana kandida hupenda kujificha huko.

Damu ioteshwe tena kila siku au kila baada ya siku moja. Zile siku 14 za dawa zinahesabiwa tangu damu ya kwanza iliyotoka safi, si tangu sindano ya kwanza. Ndugu wa mgonjwa, muulizeni dokta tarehe hiyo, muiandike kwenye daftari lenu.